Kozi ya Kuku ya Meja Almasi

Barua ya kumpeleka Sajenti Ojara kufundisha ufugaji wa kuku ilifika Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa uwanjani anawaamrisha makuruta walale kifudifudi. Aliisoma mara mbili, filimbi bado mdomoni. Kisha akaipuliza, makuruta wakainuka, akawaambia walale tena. Alihitaji muda wa kufikiri.

Ojara alikuwa polisi, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Kwenye faili lake, mahali pa ujuzi, palikuwa na herufi mbili tu: P.T. Kila askari wa Kampala alijua maana yake: kukimbia, kuruka, kupanda kamba, kupiga pushapu hadi mikono itetemeke. Lakini karani mpya wa makao makuu alikuwa na maombi mezani kutoka kwa Meja mmoja aliyetaka mwalimu wa mafunzo ya kuku, na kwa Kiingereza mafunzo hayo yaliitwa Poultry Training. Karani akatazama P, akatazama T, akapiga muhuri.

Ojara alikwenda kwa inspekta wake huku jasho la uwanjani likimkauka mgongoni.

"Afande, mimi ni P.T. ya kukimbia. Hii ni P.T. ya kuku."

Inspekta hakuinua macho. "Barua inasema P.T. Wewe si P.T.?"

"Ni P.T., afande, lakini..."

"Unamkumbuka Saverio wa stoo?"

Ojara alimkumbuka. Mwaka uliopita Saverio alirudisha barua ya uhamisho, akaeleza kwa adabu kwamba ndani yake mna makosa. Makosa yalikuwamo kweli. Wiki hiyohiyo gari lilimfuata nyumbani, na hadi sasa mkewe alikuwa akizunguka ofisi baada ya ofisi na picha yake ndani ya bahasha, akiambiwa kila mahali aje Jumatatu.

"Mimi nina watoto sita," inspekta alisema. "Wewe unao wangapi?"

"Mmoja, afande."

"Basi nenda kafundishe kuku."

Nyumbani kwake Kyebando, mkewe Joska alikuwa akiwamwagia kuku maganda ya viazi. Kuku wake walikuwa tisa, mitetea wote, jogoo wakimtegemea wa jirani, na kila mmoja alikuwa na jina na tabia zake. Katika mwaka ule wa sabini na tano, sukari ilipokuwa kitu cha kusimuliwa na sabuni ikikatwa vipande kama mkate, mayai ya kuku hao ndiyo yaliyomnunulia Akullo, binti yao wa miaka minane, madaftari na viatu.

"Mama Akullo," Ojara alisema, "nifundishe kuku."

"Kuku gani?"

"Wote. Kozi ni ya wiki sita. Inaanza Jumatatu."

Alipomwonyesha barua, Joska alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Kisha akautazama uso wa mumewe, akamsogezea kigoda.

"Keti. Tunaanza na maji."

Kwa siku nne Joska alimfundisha uani. Maji kwanza, chakula baadaye. Pumba za kulalia lazima ziwe kavu. Kuku mwenye kideri hunya kijani na shingo yake hupinda. Kifaranga ni wa kupewa joto kabla ya kitu chochote. Ojara aliyaandika yote katika daftari lake la mazoezi kwa namna pekee aliyoijua: Zoezi la kwanza, maji. Zoezi la pili, pumba. Mara tatu kila siku, kisha pumzika.

"Na huyu anayejikunyata pembeni, ana nini?" Joska alimpima.

Ojara alimtazama kuku kwa makini. "Amechoka. Azunguke uwanja mara mbili."

"Anataka kuatamia, baba. Anataka kuatamia."


Kozi ilifanyika kwenye shamba la Meja Almasi, upande wa pili wa Kasubi, ndani ya banda ambalo Mhindi mwenye shamba alikuwa akiwekea chakula cha kuku kabla hajafukuzwa nchini miaka mitatu nyuma. Meja alipewa shamba pamoja na mizani, matrei, na duka la barabarani lenye maneno "Mayai Mapya Kila Siku" ukutani. Wanafunzi walikuwa arobaini: wake wa askari, wachuuzi, na wanaume wawili waliogawiwa mashamba ya kuku kama Meja na hawakujua hata mlango wa banda unafunguka upande gani. Wenye kuku elfu na wenye kuku watatu waliketi benchi moja. Meja alikuwa ametangaza kwamba kuanzia mwezi ujao, mtu yeyote wa pande zile asiye na cheti asionekane na kuku, hata mmoja.

Ndiyo maana Joska alikuwamo, namba thelathini na moja. Namba thelathini na mbili alikuwa jirani yake Rosebella, Mkenya, ambaye mumewe Cleopas alipakia mabehewa kwenye meli kule Port Bell. Rosebella aliwachemshia mayai wapakiaji wa bandarini, akawauzia pamoja na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi.

Ojara hakujua kuhutubia. Alijua kuamrisha.

"Kozi! Mguu... sawa! Kwa kumpa kuku maji... inama!"

Watu arobaini waliinama, wakiwamo wanawake wawili wajawazito.

"Mwaga maji ya jana! Moja, mbili! Sugua chombo! Moja, mbili! Jaza! Inuka!"

Jambo la kushangaza ni kwamba walishika. Wale waliokuwa wamehudhuria semina za mabwana mifugo na kusinzia tangu asubuhi hadi chai, sasa walirudi makwao wakisugua vyombo vya kuku kwa hesabu, moja, mbili, bila kukosea.

Siku ya tatu Ojara aliwaamuru wawape vifaranga wa siku moja maji ya kisima. Mkono ukainuka katikati ya banda.

"Afande," Joska alisema, "kifaranga wa siku moja hapewi maji baridi. Atakufa."

Mlangoni alisimama koplo wa Meja, mikono nyuma, akisikiliza. Mwanafunzi alikuwa amemsahihisha mwalimu, raia amemsahihisha sajenti, mke amemsahihisha mume, yote kwa mpigo mmoja. Masikio ya Ojara yalimwaka moto.

"Thelathini na moja! Umesema bila ruhusa. Zunguka banda mara mbili!"

Joska aliinua pindo la gauni lake refu la gomesi, akakimbia. Alipopita mlangoni mara ya pili, Ojara aliwatazama wanafunzi wake kwa ukali, akasema, "Kifaranga wa siku moja, maji ya vuguvugu! Rudieni!"

Wakarudia. Jioni ile Ojara aliwekewa posho, ugali mtupu bila mchuzi. Aliila yote bila kuuliza.


Wiki ya pili Meja Almasi alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na watu waliomwogopa walijifunza kuiogopa zaidi sauti hiyo ilipozidi kushuka.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "leo soma kwa macho. Njoo yote, ona kuku yangu."

Aliwaongoza hadi banda kubwa, akafungua mlango. Ndani mlikuwa na kuku mia tatu, weupe, wanene, wenye afya. Vilemba vyao vilikuwa vyekundu na virefu kama ulimi wa ng'ombe. Mikia ilipinda juu kama mundu. Nyuma ya kila mguu palitokeza kucha nene. Walikuwa majogoo, mia tatu kamili, wote. Wawili walikuwa wakipigana karibu na mlango, na mmoja aliyesimama juu ya chombo cha maji alinyoosha shingo, akawika.

"Nasikia?" Meja alitabasamu. "Naimba mzuri. Kula nakula, kunywa nakunywa. Miezi saba sasa. Lakini hapana taga. Hata moja. Sababu gani?"

Kila mtu mle ndani, hata wale wanaume wawili wa mashamba ya kugawiwa, alikuwa ameona. Rosebella aliuma mtandio wake. Joska alimtazama mumewe, na mumewe akatazama bastola ya Meja, kisha majogoo, kisha viatu vyake mwenyewe.

"Mwalimu?"

"Ndiyo, afande."

"Ndiyo nini?"

"Wana... wana wasiwasi, afande. Ugeni."

Meja alitafakari, akakubali kwa kichwa polepole. "Mimi pia naona hivyo. Wewe mwalimu ya kweli." Akamshika bega. "Jumatatu nataka mayai. Kama hapana mayai, mimi nauliza nani naharibu uchumi ya nchi."

Maneno hayo yalikuwa na mahakama yake mwaka ule, mahakama ya kijeshi, na hukumu zake zilisomwa redioni baada ya taarifa ya habari.


"Mwambie," Joska alisema nyumbani. "Ni maneno matatu tu. Afande, ni majogoo."

"Mwambie wewe."

"Mwalimu ni mimi?"

Rosebella, aliyekuja na kikombe kuazima chumvi na kwa kweli alikuja kuzungumza, ndiye aliyejua habari nzima. Vifaranga wale walinunuliwa na mpwa wa Meja, luteni. Mahali wanapototolesha kuku wa mayai, vifaranga wa kiume hutengwa siku ya kwanza, maana hawatagi na nyama yao ni kidogo. Huuzwa kwa bei ya bure, au hutupwa. Mpwa alipewa fedha za majike, akanunua madume, akabaki na pikipiki mpya.

"Kwa hiyo ukisema ni majogoo," Rosebella alieleza, "umemwambia Meja kwamba hajui kuku, na mpwa wake ni mwizi, na kwa miezi saba amekuwa akisikiliza majogoo mia tatu yakiwika asubuhi asishuku kitu. Haki ya Mungu, Baba Akullo, hayo mambo matatu ni mazito kwa sajenti mmoja."

Ojara aliweka kichwa mikononi. Kuku mmoja wa Joska alitoka kiotani akitangaza kwamba ametaga, akaendelea kutangaza kwa muda mrefu. Wote watatu walimgeukia.

Jumatatu alfajiri, wanafunzi waliingia kozini na mifuko, vikapu, na vitambaa vilivyofumbatwa. Hakuna aliyewaamuru; neno lilikuwa limepita uani hadi uani. Joska alileta mayai tisa, Rosebella kumi na mawili aliyopaswa kuwachemshia wapakiaji. Walipoingia kuwapa majogoo maji, waliyapanga kwenye viota chini ya matumbo yao, nao wakawadonoa mikono bila huruma. Saa mbili Meja alipofungua banda alikuta mayai sitini na manne.

Alisimama mlangoni. Akavua kofia. Watu walisema baadaye kwamba machozi yalimlenga, na kwa hilo moja hawakusema uongo.

"Mwalimu," alisema, "kesho sitini tena."


Mayai sitini kila siku. Wiki ya kwanza kuku wa Kyebando na Kasubi walijitahidi. Wiki ya pili Akullo alianza kwenda shule bila yai lake, na wapakiaji wa Port Bell wakamwuliza Cleopas kama mkewe amerudi Kenya. Mayai yalipotea sokoni. Mahali pekee palipokuwa na mayai katika upande ule wa Kampala palikuwa dukani kwa Meja Almasi, chini ya maneno yale ya ukutani, na foleni ilianza kabla jua halijachomoza.

Wanafunzi wa kozi walipanga foleni hiyo. Wangefanya nini? Walinunua mayai kwa Meja, kesho yake wakayaweka chini ya majogoo wa Meja, askari wa Meja wakayaokota, wakayapeleka dukani, na wanafunzi wakayanunua tena.

Rosebella ndiye aliyegundua. Joska alikuwa na desturi ya kuandika siku kwa penseli kwenye kila yai, herufi ndogo upande wa ncha. Mchana mmoja walipokuwa kwenye foleni, Rosebella aligeuza yai alilopewa, akalisogeza usoni kwa Joska.

"Mama Akullo, hili si lako?"

Joska alisoma. Lilikuwa yai la siku kumi na nane nyuma. Alilitikisa karibu na sikio, na ndani yake kitu kikajibu kama maji kwenye kibuyu.

"Nimeshalinunua mara nne," alisema taratibu.

"Sasa turudishe?"

Wote wawili walimtazama askari aliyesimama kaunta na bunduki yake, wakalipa, wakaenda.

Meja wakati huo alikuwa ameandika ripoti makao makuu: kuku mia tatu, mayai sitini kwa siku, kutokana na mafunzo maalumu. Jibu lilirudi kwamba Kanali mmoja atakuja kufunga kozi na kugawa vyeti. Meja alifurahi, na kwa furaha hiyo akatuma trei tatu za mayai kwenye mesi ya maofisa.

Mpishi wa mesi alilivunja la kwanza juu ya kikaangio asubuhi ya Alhamisi. Lilipasuka kama risasi. Maofisa wawili walilala chini ya meza, na mmoja akatoa silaha. Harufu yake ilikaa jengoni kwa siku mbili.


Ijumaa kozi nzima ilisimamishwa mistari minne mbele ya banda la majogoo. Meja aliweka bastola juu ya meza, na kando yake yai moja. Sauti yake ilikuwa imeshuka mno hata wa mstari wa nyuma walilazimika kuinama.

"Mtu nahujumu mayai yangu. Nani?"

Ojara alisimama mbele yao wote. Alimfikiria Saverio. Alimfikiria pia mke wa Saverio na ile bahasha, na mara akaiona bahasha hiyo mkononi mwa Joska. Akafungua mdomo.

Kabla hajasema, kicheko kilisikika kutoka ndani ya banda, kicheko cha mwanamke mzee anayecheka hadi kukohoa. Mama yake Meja, Hajati Zenabu, alikuwa amefika jana kutoka kwao Arua kumsalimia mwanawe, na asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kuona mali. Alitoka akishikilia mlango, mtandio umeteleza, akifuta macho.

"Almasi, mwanangu! Nani amekuuzia majogoo yote haya?"

Wale mia tatu ndani wakawika kana kwamba wameitwa.

Meja hakugeuka. "Mama, hawa ni majike."

"Majike?" Bibi alishika kiuno. "Yana vilemba mpaka mabegani!"

"Mama hapana soma kozi," Meja aliwaeleza wanafunzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Mama ni mtu ya kijijini. Kozi! Hawa ni nini?"

"Majike, afande!" sauti zikajibu, thelathini na kitu.

"Nimefuga kuku kabla wewe hujajua kukaa," Hajati alisema. Alipita kati ya mistari akiwatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aligeuza macho. Alisimama mbele ya Joska. Labda ni kwa sababu ya mikono yake, iliyojaa alama za kudonolewa. "Wewe, binti. Wewe unafuga. Naona. Yale ni nini?"

Joska alimtazama mumewe. Ojara alitikisa kichwa kidogo sana, akimsihi. Joska akainua mkono, kwa sababu hakutaka tena kukimbizwa kwa kusema bila ruhusa.

"Ni majogoo, mama. Tangu siku ya kwanza."

"Na mayai?" Meja aliuliza.

"Ni yangu, afande. Ni yetu sote. Tuliyanunua kwako, tukakuletea, tukayanunua tena. Lile lililopasuka nadhani ni langu pia."

Meja alitazama meza. Mkono wake ulitambaa kuelekea bastola, na hapo Hajati Zenabu akaupiga kofi, kofi la mama kwa mtoto anayegusa chungu cha moto. Akaichukua bastola kwa vidole viwili, akaifunika kwa mtandio.

"Watu wamekulisha mayai yao mwezi mzima," alisema, "halafu unataka kuwapiga risasi? Chinja hayo majogoo, ulishe watu."

Hakuna aliyewahi kumwona Meja Almasi akiwa mdogo kiasi kile. Alijikuna shingo. Alikohoa. Hatimaye alitoa maamuzi yake, naye koplo akayaandika. Kuku mia tatu wamepata ugonjwa wa ghafla, watachinjwa na kuliwa siku ya vyeti. Mayai hayajadiliwi tena. Namba thelathini na moja amefeli mtihani.

"Mtihani gani, afande?" Ojara alijikuta anauliza.

"Hii ya sasa. Yote nasema majike, yeye peke yake nasema majogoo. Yeye hapana cheti. Na bila cheti hapana kuku. Jumatatu lori napita Kyebando nachukua kuku yake tisa, naleta hapa." Akafikiri, kisha akaongeza kwa upole wa kweli, "Mimi nataka kuku ya kutaga."

"Ndiyo, afande," Ojara alisema.


Joska hakumlaumu, na hilo lilimwumiza Ojara zaidi. Alipika, akamwekea mchuzi, akaketi mlangoni akiwatazama kuku wake wakiingia ndani mmoja mmoja.

"Leo umesema 'ndiyo, afande' mara ngapi?" aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Kumi na moja."

Akullo aliuliza kama kuku wakichukuliwa wataruhusiwa kuja likizo. Ojara alitoka nje, akamwaga maji ya jana ya kuku, akasugua chombo, akajaza maji mapya. Joska aliona kwamba hahesabu tena, anafanya tu, kama mtu anayejua.


Jumamosi ya vyeti shamba lilinuka pilau toka asubuhi. Nyama ya majogoo ilikuwa ngumu hata maofisa walitafuna huku wakitazamana, lakini hakuna aliyeiacha. Kanali kutoka makao makuu alikuwa mzee, amechoka, na haikuonekana kama alijua kozi ile ilikuwa ya nini. Alikaa jukwaani katikati ya maofisa tisa, Meja Almasi kuliani kwake, na kila mtu alifanya alichofanya Kanali. Alipopiga makofi walipiga. Alipojifuta jasho walitoa vitambaa.

Ojara alisoma majina. Kila aliyeitwa alipiga hatua, akapokea karatasi yenye muhuri, akarudi. Kwenye orodha, namba thelathini na moja ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu mistari miwili. Joska alikuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, maana asiye na cheti alikuwa amepangwa kugawa chakula.

"Namba thelathini," Ojara alisoma, "Helen Alum."

Helen akapokea, akarudi. Aliyepaswa kufuata alikuwa Rosebella. Alikwisha kuinuka na kunyoosha gauni lake, akasubiri. Ojara aliutazama mstari mwekundu. Alikohoa. Aliona Meja anamtazama.

"Namba thelathini na moja," alisema, na sauti yake ya uwanjani, ile iliyowahi kuinua makuruta mia mbili, ikatoka yote. "Joska Amito! Mbele!"

Joska aliweka chini mwiko. Alitembea kati ya mabenchi akijifuta mikono kwenye aproni, hadi akasimama mbele ya mumewe. Mezani hapakuwa na karatasi yake. Ojara aliitafuta kwa macho ingawa alijua haipo. Hakuwa na kitu cha kumpa mbele ya watu wale wote, na alikuwa amemwita.

Basi akafanya kitu pekee ambacho mwili wake ulikijua vizuri. Akapiga kisigino chini, akanyoosha mgongo, akampigia mkewe saluti.

Lilikuwa kosa. Saluti ina utaratibu wake, na mke wa sajenti hayumo humo. Meja alianza kuinuka, uso umeiva. Lakini Kanali, aliyekuwa anasinzia, alisikia kisigino, akafumbua macho, akamwona mwalimu wa kozi amesimama wima mbele ya mwanamke mwenye aproni. Alidhani ni mgeni wa heshima ambaye jina lake limempita. Kwa haraka ya mtu anayeogopa kukosea, akainuka akapiga saluti. Maofisa tisa wakainuka, wakapiga. Meja Almasi alikuwa amekwisha simama tayari. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye kofia.

Joska hakujua mikono aiweke wapi. Aliitazama safu ile ya maofisa wakubwa, mikono yao kwenye mapaji ya uso, mmoja wao na punje ya pilau kwenye kidevu. Kisha akamtazama Ojara, ambaye kope zake zilikuwa zimelowa na mkono wake haukutikisika.

"Mama huyu ni nani?" Kanali alinong'ona alipoketi.

Meja aliirekebisha kofia yake. "Ni... mtaalamu ya kuku, afande."

"Vizuri sana. Atunzwe."

Lori halikupita Kyebando Jumatatu, wala Jumanne. Ojara alirudi kwa makuruta wake, na kwenye faili lake hakuna aliyebadilisha chochote. Cheti Joska hakupata kamwe. Mwezi uliofuata Hajati Zenabu, aliyekuwa bado kwa mwanawe, alikuja Kyebando kwa miguu, na kikapu kichwani, akaomba auziwe mayai ya kuatamisha. Joska alimchagulia kumi na mawili, akayapima moja moja kwenye mwanga wa jua, akamfungia kwenye kitambaa.